Kifuniko cha mbele cha kasha la kompyuta: bawaba, reli, springi au sumaku?

Ukijitengenezea kasha la kompyuta, ubavu na mgongo havina maneno mengi. Kazi iko usoni. Hapo mbele ndipo inapokaa draivu ya DVD, vikasha vya diski za kuchomoa, kisoma kadi, swichi na matundu ya USB. Ndipo mkono unapofika kila siku, na ndipo vumbi la kiangazi linapopigia hodi. Ndiyo maana wengi wanaojenga wenyewe huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanataka uso unaofungika: kifuniko kinachosogea, kinachoziba nafasi za draivu zisipotumika na kuupisha mkono zinapohitajika. Swali linalowagawa ni kisogee vipi.

Njia zinazotengenezeka na mafundi wetu ni nne. Kuna mlango wa bawaba unaofunika uso mzima, kifuniko kinachoteleza kwenye reli, kibao cha springi kinacholala chenyewe draivu inapotoa trei, na kifuniko cha sumaku kinachobanduliwa chote. Zote ni nzuri zikiwekwa mahali pake. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana vipande vya ndani, ana mchoro nusu, na anatakiwa kumwambia fundi kesho akate nini.

Vigezo kabla ya mchoro

Cha kwanza ni mkono. Jiulize ni mara ngapi kwa siku utagusa kilicho nyuma ya kifuniko. Mwenye studio ya video za harusi pale Mwanjelwa, Mbeya, anachoma DVD, anachomeka kadi za kamera na kubadilisha diski kutwa nzima. Mwalimu wa sekondari Njombe anaweza kumaliza mwezi bila kufungua. Watu hawa wawili hawahitaji kifuniko kimoja, hata kama kompyuta zao zinafanana ndani. Na kama mashine yako ina diski ya kisasa iliyopachikwa moja kwa moja kwenye ubao mama (ubao mkuu unaobeba vipande vya kompyuta), na DVD unaisoma kwa draivu ya nje ya USB, basi jiulize kwanza kama nafasi za draivu unazihitaji kabisa. Uso usio na tundu ndio rahisi kuliko yote kuutengeneza.

Cha pili ni hewa, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo makasha mengi yanayopendeza machoni yanapoharibikia. Feni ya milimita 120 ina duara la sentimita za mraba 113. Ukitoa kitovu chake, inabaki kama 100 ya kupitisha hewa. Sasa iweke nyuma ya kifuniko kilichoziba chenye kimo cha sentimita 40, na uache upenyo wa sentimita 1 kulia na kushoto. Umeipa sentimita za mraba 80, yaani umeinyima moja ya tano ya njia yake. Ukipanua upenyo hadi milimita 13 unapata 104, na feni inapumua. Lakini angalia ulichokifanya: umetengeneza kifuniko chenye nyufa mbili pana ambazo hewa yote, pamoja na vumbi lake, inapita hapo hapo mbele ya draivu ulizotaka kuzilinda.

Huku juu hesabu hiyo ina uzito zaidi. Mji wa Mbeya uko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko chini sana ya hapo. Kwenye mwinuko huo, kwa joto lilelile, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia kama 18, kwa hiyo feni ileile, kwa mwendo uleule, inaondoa joto pungufu. Baridi ya Juni na Julai inafidia vizuri. Oktoba, jua likiwa kali na vumbi limetanda, fidia hiyo inakuwa ndogo.

Kwa hiyo, kabla hujachagua kifuniko chochote, tenganisha njia ya hewa na kifuniko. Feni ya kuingiza hewa ikae chini au ubavuni, na iwe na chujio la kuchomoa na kuosha. Kifuniko kibaki na kazi moja tu ya kuziba nafasi za draivu. Kisha hakikisha feni zinazoingiza zinazidi nguvu zinazotoa, na pawa saplai (kile kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) nayo uihesabu, kwa kuwa mara nyingi inatoa hewa nje. Zikizidi zinazoingiza, kila ufa wa kasha unatoa hewa badala ya kuivuta. Zikizidi zinazotoa, hata kifuniko kilichopigwa kwa ustadi wa hali ya juu kitafyonza vumbi kupitia kila kitundu. Nimeona kasha la bati lililokatwa kwa usahihi wa kupendeza, na ndani yake vumbi limejichora mstari mwembamba kufuata ufa wa kifuniko kutoka juu hadi chini. Feni pekee iliyokuwamo ilikuwa ya nyuma, ya kutoa.

Cha tatu ni vumbi na unyevu wa mahali ulipo. Ukanda wa barabara kuu ya kwenda Tunduma una malori usiku na mchana, na kiangazi chake kinaanza Mei hadi karibu Novemba. Tukuyu ni habari nyingine kabisa: mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na adui wa pale ni mbao inayovimba na bati linaloota kutu.

Vingine vinaenda haraka. Kuna nafasi iliyopo mbele na pembeni ya kasha mahali litakapokaa. Kuna fundi aliye karibu, kwani seremala, fundi wa kuchomelea na fundi wa madirisha ya aluminiamu kila mmoja ana usahihi wake. Na kuna swali la nini kitatokea kifuniko kikivunjika.

Vipimo vya kuanzia ni hivi. Uso wa draivu ya DVD ya mezani una upana wa kama milimita 148 na kimo cha 42. Diski ngumu ya inchi 3.5 ina upana wa milimita 101.6, urefu wa 147 na kimo cha kama 26. Ile ya inchi 2.5 ina upana wa karibu 70, urefu wa 100, na unene wa 7 au 9.5 kwa nyingi za laptopu. Santuri ya DVD ina kipenyo cha milimita 120, kwa hiyo trei inapotoka inahitaji zaidi ya hapo mbele ya kasha.

Mlango wa bawaba

Mkono. Mwendo mmoja unafungua kila kitu: draivu, kisoma kadi, vikasha vya diski. Kwa anayefungua mara moja asubuhi na kufunga jioni, hakuna kinachoushinda. Kwa anayechoma DVD moja baada ya nyingine, mlango utaachwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi, na mlango ulioachwa wazi unasubiri goti la mtu.

Hewa na vumbi. Ndio unaoziba vizuri kupita yote ukibandikwa ukanda wa sponji kwenye fremu, ule unaouzwa kwa ajili ya milango na madirisha. Bandika kwenye fremu, usiuguse mwili wa diski. Diski ngumu nyingi za kawaida zina kitundu kidogo cha kupumulia juu ya mfuniko wake, na hakitakiwi kuzibwa na chochote.

Nafasi. Mlango wa upana wa sentimita 20 unafagia sentimita 20 mbele yake. Kama kasha linakaa ukutani, weka bawaba upande wa ukuta ili mlango ulale huko na mkono ubaki huru. Kuna jambo dogo linalowakwamisha wengi, nalo ni mlango unaoingia ndani ya fremu badala ya kukaa juu yake. Ukiufungua nyuzi 90, unene wake wote unabaki ndani ya tundu. Plaiwudi ya milimita 18 inakula milimita 18 za upana, kwa hiyo tundu ulilokata milimita 150 kwa ajili ya draivu ya 148 sasa lina 132, na trei inagonga mlango. Tumia ubao mwembamba, au panua tundu kwa unene huo, au weka mlango ukae juu ya fremu na utumie bawaba zinazofunguka nyuzi 180.

Fundi na vifaa. Seremala yeyote anaweza. Paini ya Sao Hill pale Mufindi inapatikana kila gulio la mbao, ni nyepesi na inakatika vizuri. Shida ni kwamba mbao nyingi sokoni hazijakauka sawasawa, na mlango mwembamba uliotokana na mbao mbichi utapinda kabla ya mwaka kwisha. Fundi mzuri atakwambia mapema: "Hii bado, mwalimu, iache ikae." Msikilize, au chukua plaiwudi. Kama kasha zima ni la mbao, ubao mama na pawa saplai vikae juu ya bamba la chuma lililounganishwa na waya wa ethi, kwa kuwa mbao haipitishi umeme kwenda ardhini kama bati lingefanya.

Kikiharibika. Bawaba za kabati na sumaku ya kabati zinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hili ndilo linalonifanya niuheshimu mlango wa bawaba: miaka kumi ijayo bado utatengenezeka, popote.

Unamfaa nani. Unamfaa anayetaka kufuli, anayefungua mara chache, na aliye mahali pa vumbi jingi.

Kifuniko kinachoteleza

Mkono. Kidole kimoja kinatosha, na hakuna kitu kinachochomoza mbele. Kwa kasha lililosukumwa chini ya kaunta hii ni raha.

Hewa na vumbi. Fikiria kifuniko kinakwenda wapi kikifunguka. Tuseme uso una kimo cha sentimita 40, draivu ziko sentimita 15 za juu, na kifuniko kinashuka. Kinashukia wapi? Juu ya sehemu ileile ambako watu wengi huweka feni ya mbele. Ukifungua uchome DVD, umeiziba feni wakati mashine inafanya kazi ngumu. Ukikiteremsha, basi feni ihame. Ukikipandisha, kiwekee kishikio cha uhakika kule juu, la sivyo kitateremka chenyewe na kuikuta trei iko nje. Kwenda pembeni ni salama zaidi, ila kasha linahitaji upana wa ziada wa kukipokea.

Kisha kuna mfereji wenyewe. Hapa ndipo kiangazi kinapoonyesha makali. Vumbi jembamba jekundu linashuka kwenye mfereji wa chini na kulala humo. Mtu anapaka grisi ili kifuniko kiteleze, na grisi inalishika vumbi lote. Baada ya wiki chache una uji mzito wa kahawia unaosaga akriliki kama msasa: ukikichomoa kifuniko unaona kingo zake zimekuwa nyeupe na zimeliwa mawimbi mawimbi. Usipake grisi wala mafuta ya cherehani. Sugua nta ya mshumaa mkavu, halafu ufute. Na mfereji wa chini uache wazi mwisho mmoja, au utoboe matundu ya milimita 5 kila baada ya sentimita chache, ili vumbi lianguke lenyewe.

Nafasi. Mbele haihitaji hata sentimita moja. Ndani inahitaji milimita 6 hadi 8 kati ya uso na draivu.

Fundi na vifaa. Mafundi wa madirisha ya aluminiamu ndio watu wako, Mbeya na Iringa wapo kila mtaa wa karakana. Vipande vinavyobaki kwenye kazi zao, vyenye mfereji tayari, vinatosha kwa kasha zima. Akriliki ya milimita 3, ile ya watengeneza mabango, ikae kwenye mfereji wa milimita 3.5 hadi 4. Ukibana zaidi itakwama, ukilegeza zaidi itagongagonga kila feni inapozunguka. Angalia pia uwiano: kifuniko cha kupanda na kushuka, kikiwa kipana chenye kimo kifupi, hujipinda na kukwama kikisukumwa kona moja, kwa hiyo kishikio kiwe katikati kabisa.

Kikiharibika. Akriliki inakatwa upya kwa muda mfupi. Reli ikipinda, kazi ni kubwa zaidi.

Kinamfaa nani. Kinamfaa mwenye nafasi finyu na fundi mwenye msumeno wa usahihi. Kwa mbao, na kwa Tukuyu, sikipendekezi, kwani mbao ikivimba milimita moja tu ndani ya mfereji, kifuniko hakisogei hadi kiangazi.

Kibao cha springi

Mkono. Unabonyeza, kibao kinalala, trei inatoka. Ukirudisha trei, kibao kinasimama chenyewe. Hakuna hatua ya kufungua wala ya kufunga. Kwa mtu wa studio, hii ni tofauti kubwa mwisho wa siku.

Kuna namna mbili za kukitengeneza. Ya kwanza, kibao kina bawaba chini na springi dhaifu, na trei inakisukuma ikitoka. Draivu irudi ndani kama milimita 10 hadi 15 ili kibao kipate pa kulalia chini ya trei bila kuikwaruza. Springi iwe laini kadiri inavyowezekana, kwa sababu mota ya trei haina nguvu nyingi, na draivu nyingi zikihisi kizuizi hurudisha trei ndani. Ya pili, unaondoa kipande cha plastiki kilicho mbele ya trei (kwa draivu nyingi za mezani kinachomoka kwa kusukumwa juu trei ikiwa nje) na kubandika mahali pake kipande cha rangi ya kasha. Hapo hakuna bawaba wala springi, kifuniko kinatoka na trei. Naiona hii ya pili kuwa safi zaidi, mradi kipande kiwe chepesi. Akriliki ya milimita 2 inatosha.

Kitufe cha kutolea santuri kitakuwa nyuma ya kibao. Bandika kipande cha mpira nyuma yake kinachokigusa kitufe ukibonyeza kona ile, au utumie amri ya kutoa santuri ndani ya kompyuta.

Hewa na vumbi. Kinaziba kiasi. Kila kibao kina nyufa pande zote nne, za milimita 1 hivi, na hakuna pa kubandika sponji bila kuikwamisha trei. Bila msukumo wa hewa kutoka ndani niliouelezea juu, draivu italala na vumbi.

Nafasi. Hakiombi zaidi ya kile trei inachohitaji.

Fundi na vifaa. Huyu awe na mkono mtulivu, drili yenye meno madogo na tupa laini. Ni kazi ya meza, si ya karakana ya kuchomelea. Jambo moja lisisahaulike. Draivu nyingi za mezani zina kitundu kidogo usoni cha kuingiza pini ili kuitoa trei kwa nguvu. Umeme ukikatika santuri ikiwa ndani, au mota ikifa, hicho kitundu ndicho kitakachokuokoa. Kibao kifunguke kwa ukucha hata mashine ikiwa imezimwa, ili pini ifike.

Kikiharibika. Springi ndogo ni shida kuipata ya nguvu ileile. Zinazotoka kwenye printa zilizokufa zinafaa, kwa hiyo usizitupe.

Kinamfaa nani. Anayetumia DVD kila siku, na anayejali sura ya uso. Kwa vikasha vya kuchomoa diski hakifai sana, maana mkono wa kikasha unafunguka kuja mbele na unataka uwazi kamili.

Kifuniko cha sumaku

Mkono. Unakibandua, unakiweka juu ya kasha, unafanya kazi, unakirudisha. Kwa anayefungua mara moja kwa wiki, haina shida. Kwa kutwa mara nyingi, kitaishia juu ya kabati na hakitarudi.

Hewa na vumbi. Ukiamua feni ibaki mbele, hiki ndicho pekee kinachoweza kuwa chujio chenyewe bila usumbufu. Ukikitoboa matundu na kutandika soksi nyembamba ya nailoni nyuma yake, unakibandua na kukiosha bombani. Wavu wa madirisha, ule wa mbu, unazuia wadudu na nyuzi lakini vumbi letu jembamba unaliachia. Chujio lolote linapunguza hewa, kwa hiyo matundu yote kwa jumla yazidi ile sentimita za mraba 100 ya feni, tena kwa mbali.

Wengi wanaogopa sumaku karibu na diski. Sumaku ndogo za kabati haziifanyi kitu diski ngumu. Ndani ya diski yenyewe kuna sumaku kali ya neodimiamu inayosogeza mkono wa kusomea, na data iko salama pembeni yake. Ziweke kwenye kona za kifuniko na usiwe na wasiwasi.

Nafasi. Hakihitaji yoyote.

Fundi na vifaa. Rahisi kuliko vyote. Kama uso ni bati la chuma, sumaku zinashika zenyewe. Aluminiamu na mbao hazishikwi, kwa hiyo pachika vipande vya chuma kwenye fremu. Weka pini mbili za kuongoza, hata misumari iliyokatwa vichwa, ili kifuniko kisiteleze kushuka kila feni inapotikisa kasha.

Kikiharibika. Unatengeneza kingine saa moja. Hatari yake ni kupotea, hasa nyumba yenye watoto.

Kinamfaa nani. Mwanafunzi, anayejenga kwa mara ya kwanza, na yeyote ambaye bado anabadilisha vipande vya ndani.

Ukiwa katika hali yako

Studio ya harusi, Mwanjelwa au Miyomboni pale Iringa: kibao cha springi kwenye draivu ya DVD, na chini yake mlango mdogo wa bawaba kwa vikasha vya diski. Kuchanganya kunaruhusiwa, na kwa kazi ya namna hii ndiko bora. Mlango huo mdogo ufunguke nyuzi 180.

Steshenari yenye kasha chini ya kaunta: reli, ikiwa fundi wa aluminiamu yuko jirani. Asipokuwapo, sumaku. Bawaba itagonga miguu ya kiti kila siku.

Maabara ya shule: bawaba na kufuli. Funguo mbili, moja kwa mwalimu wa zamu na nyingine ofisini. Feni iwe nje ya mlango kabisa, kwa sababu mlango huo utakaa umefungwa muhula mzima.

Mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga anayejenga chumbani kwa bajeti ndogo: sumaku sasa. Akianza kazi ya video, abadilishe.

Uyole, Makambako, Tunduma, kandokando ya barabara kuu: bawaba yenye sponji, au sumaku yenye chujio. Hapa usahihi wa kifuniko unakuja baada ya feni. Zinazoingiza zizidi zinazotoa, na chujio lioshwe mara kwa mara kiangazi chote.

Tukuyu na maeneo ya mvua nyingi: achana na mbao kwenye kitu chochote kinachosogea. Akriliki au aluminiamu, kwa sumaku au kwa springi. Kama ni bati, lipakwe rangi hadi kwenye kingo zilizokatwa, maana kutu huanzia hapo.

Makete na Njombe ya juu: baridi ya asubuhi si tatizo kwa kifuniko, ila akriliki ikiwa baridi sana hupasuka kirahisi ikitobolewa. Toboa mchana, kwa mwendo wa taratibu, na kipande cha ubao nyuma yake.

Chochote utakachochagua, kikate kwanza kwa kartoni ya boksi kwa vipimo kamili na ukijaribu kikiwa kwenye fremu: trei ikiwa nje yote, mkono wa kikasha cha diski ukiwa wazi, na flashi ikiwa imechomekwa. Flashi huchomoza sentimita 4 au 5, na kifuniko hakitafungika kama matundu ya USB yako nyuma yake. Kwa hiyo angalau matundu mawili, pamoja na swichi ya kuwashia, yabaki kwenye sehemu ya fremu isiyosogea. Usiyaweke juu ya kifuniko chenyewe, kwa kuwa nyaya zinazopindwa kila kikifunguliwa hukatikia ndani, mahali usipoona.